Nyayo za Ghorofa ya Juu

Tulihama Budapest mwezi wa Machi, mimi na Ambrus,
na masanduku kumi na tisa, na kabati lililogoma mlangoni.
Dalali alisema: dakika hamsini kwa treni,
na mkifika, sikio litapumzika kama mguu uliovuliwa kiatu.
Hakusema uongo. Hakusema yote.

Ziwa Velence ni la kina kifupi.
Matete yamelizunguka kama mkeka uliosimamishwa wima
kumzuia mgeni asichungulie.
Jirani yetu, Vendel, huyakata barafu ikikaza,
huyafunga matita matita, huyauza ya kuezekea.
Siku ya kwanza alituletea toroli.
"Mtalihitaji," akasema, akaenda zake.
Tangu hapo hajalidai,
wala hajatamka neno refu kuliko hilo.

Mjini tulikaa ghorofa ya tatu, njia ya tramu.
Juu yetu Bi Etelka na fimbo yake,
kila usiku saa nane: tik, kokota, tik, kokota,
kitandani hadi jikoni, jikoni hadi dirishani.
Ambrus aligonga dari kwa mpini wa ufagio
mpaka plasta ikatudondokea kwenye supu.
Mimi nilimwandikia msimamizi wa jengo barua mbili.
Ya pili naona haya kuikumbuka:
niliandika "kiumbe yule".
Ndiyo maana tulihama, kama mnataka ukweli.
Mengine, hewa safi, mabata, tuta la nyanya,
tuliyatunga baadaye, ya kuwaambia wageni.

Sasa saa kumi na moja na nusu alfajiri
niko stesheni na wenzangu wa gizani:
muuguzi anayekula yai la kuchemsha wima wima,
kijana wa benki, tai yake ingali mfukoni.
Tunatikisiana vichwa, basi.
Ziwa linatusindikiza dirishani kidogo,
kisha linakatika kama uzi.

Na usiku?
Usiku nasikia jokofu likifikiri.
Nasikia Ambrus akimeza mate.
Nasikia yale tusiyoambiana.
Saa nane nafumbua macho, naingoja fimbo.
Haiji. Dari ni dari tu,
juu yake paa, juu ya paa
nyota zisizokokota miguu.

"Na wewe unamngoja?"
Kimya. Anavuta blanketi. Halafu:
"Tangu Aprili."

Alhamisi moja ya Novemba nikaiacha treni ya jioni.
Nikapanda tramu ya zamani, nikabonyeza kengele ya ghorofa ya nne.
Kwanza nilisikia fimbo,
tik, kokota,
na magoti yakanilegea kwa furaha yenye aibu.
Alikuwa mdogo kuliko kelele zake.
Hakuniuliza nimefuata nini. Alinimiminia chai,
akaielekeza fimbo sakafuni.
"Waliohamia hapo ni watu wazuri," akasema.
"Hawagombani. Hawaunguzi vitunguu.
Natembea usiku kucha, hawagongi.
Ninyi mlikuwa mnagonga.
Nikirudi kitandani nalala: najua kuna mtu."

Nilitaka kumwambia habari ya barua.
Nikanywa chai.

Nilikosa treni mbili. Ya tatu ilinishusha
na kreti la jamu ya aprikoti, chupa kumi na mbili,
alilonibebesha bila kusikiliza kataa yangu.
Ambrus alikuwa amekuja na toroli la Vendel.
Tukaliteremsha njia ya matete, gurudumu likilia
kwii, kwii, mbwa wakijibu,
na yeye akianza, bila kuulizwa,
kunisimulia siku yake, kisha wiki yake,
kisha jambo la mwaka juzi.
Taa ikawaka kwa Vendel. Pazia likasogea.
Ikazimika taratibu, kama ya mtu aliyeridhika.

Mafuta ya kulainishia yako stoo, rafu ya pili.
Hatujalipaka.