Kubana Mara ya Kwanza

Wino bado.
Kwanza fulana tupu juu ya kitanda cha mashine,
ukosi na mshono wa bega vining'inie nje,
maana mshono ukibaki ndani huliinua bamba
na joto hupita kando, halimgusi mtu.
Nyuzi mia moja sitini na tano.
Shusha mkono. Hesabu mwenyewe,
saa ya mashine ilikufa tangu Rajabu:
moja, mbili, mpaka
saba.

Fsss.

Tazama kinachotoka.
Maboksi yalishuka makavu kutoka Tirupur,
yakalala usiku mmoja hapa Saada, mlango umefungwa,
na asubuhi kila fulana imeshakunywa kharifu.
Salalah mwezi wa saba haina mvua ya kuiita mvua;
ni manyunyu yasiyoanza wala kwisha,
chumvi hugoma kutoka kichupani,
shuka hukufunika na ubaridi wa mtu mwingine.
Pamba nayo ina kiu. Haijui kusema hapana.

"Usiniambie imekauka," husema Bi Muzna.
"Mkono wako muongo, umezoea joto.
Weka shavu."

Mimi, Machano, niliwahi kujitia ujanja.
Ukoo mzima kutoka Sohari, watu sitini, safari alfajiri,
wanataka vifuani: Tumeuona ukungu.
Rafiqul ana homa. Saa nane ya usiku.
Fulana kumi na moja za mwisho sikuzibana kwanza.
Sekunde saba tu, nani atajua?
Zidisha: hata dakika moja na nusu haifiki.
Herufi zikatoka na ndevu.
Mvuke uliokosa njia ulipanda katikati ya wino,
na lile neno la mwisho, ukungu,
likawa ukungu.

Bi Muzna hakunikata mshahara.
Alizihesabu, akazikunja mojamoja,
akasema, "Hizi utavaa wewe."
Nazivaa. Sokoni Haffa huniuliza,
hiyo timu gani, mbona haisomeki?

Tangu hapo, hata nikimpigia mama Ijumaa
sianzi na habari. Nanyamaza kidogo.
Yeye hudhani mtandao umekatika,
"Machano? We Machano?"
nami nipo, nahesabu.

Basi. Hii ni ya arubaini na mbili.
Pitisha roli ya gundi: unywele mmoja, mrefu,
si wangu, si wa Rafiqul,
umesafiri ndani ya boksi kutoka kwa aliyeshona.
Nauweka dirishani, sijui kwa nini.
Karatasi juu. Mkono chini.
Saba.
Shavu.

Haya, lete wino.