Mdomo wa Pili

Kidole kilianza kuwa cheusi mwezi wa tano,
mwezi ambao Matamba ukungu haupigi hodi.
Mama akasema ni baridi, baridi tu,
akavaa soksi jozi mbili, akarudi shambani.

Daktari Luvanda alikuwa peke yake wodini,
peke yake kliniki, peke yake hata mochwari.
Aliinua picha akaielekeza dirishani,
maana taa ya kusomea ilikufa tangu masika.
"Sukari. Vidole vitatu viondoke.
Wiki hii. Ikiwezekana kesho."

Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi,
kama tunaweza kumwona mwingine.
Nilidhani atakasirika.
Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.
"Hata mimi ningependa kumuuliza mwingine.
Mwaka wa sita huu naongea na ukuta."
Akaandika barua. Wino ukaisha katikati:
nusu ya ugonjwa wa mama ni bluu, nusu nyekundu.

Haya, hesabu.
Nauli ya wawili kwenda Mbeya, na kurudi.
Pa kulala, kwa kuwa foleni huanza alfajiri.
Kumwona bingwa. Kipimo kipya,
hata kama cha zamani bado kina joto la mkono.
Uji. Vocha ya kumpigia mjomba Yoramu.
Kalamu ikasimama kwenye magunia kumi na manne ya viazi,
na viazi vilikuwa bado vinachanua.

Lusungu, binti wa shangazi, anapika kwa watu Dar.
Alinisimulia kwenye simu, wala hakuwa anaringa:
bosi wake aliumwa bega.
Asubuhi hospitali hii, mchana ile,
jioni picha ya bega ikavuka bahari
ikarudi na majibu kabla wali haujakauka.
Madaktari watatu, maneno matatu.
"Basi akachagua," akasema Lusungu.
Nilikata simu, neno hilo likabaki sikioni.
Akachagua.

Tulishuka mwezi wa saba, kona za Chimala moja moja,
mama akizihesabu kwa sauti ili asitapike.
Alifika arobaini na kitu, akapotea, akaanza upya.

Bingwa alikuwa kijana, mpole.
Alisoma barua, bluu kisha nyekundu.
"Aliyeandika hii alikuwa sahihi," akasema.
"Wakati ule."
Halafu akaweka kiganja,
si kwenye vidole,
bali chini kidogo ya goti.

Wenye magari watakwambia ni kilomita ngapi
kutoka kwetu hadi Mbeya.
Mimi nimeshaupima umbali huo
kwenye mguu wa Ndigwako, mama yangu.

Luvanda alikuja kututazama jioni, bila koti.
"Alisemaje?"
"Alisema ulikuwa sahihi."
Alikuwa ameshika kiazi, tumempa ale.
Kikapoa mkononi.
"Hakuna aliyewahi kuniambia," akasema,
na sikujua kama nimpe pole
au nimfukuze.

Mama siku hizi huvaa soksi nne
kwenye mguu mmoja.
Baridi, anasema.
Baridi tu.