Dawa ya Deni

Mbwa huyu nilimwita Deni, kwa kuwa Kapela
alinipa badala ya elfu thelathini zangu.
Jana karudi toka Kiloleni akichechemea,
wayo umevimba kama andazi.

Nikauliza duka la pembejeo, nikauliza buchani
(buchani wakacheka),
hadi muuza asali wa Isevya akanyoosha kidole:
"Nyuma ya stesheni, mlango wa bluu.
Bwana mifugo wetu anaitwa Nyamizi."

Akampapasa, akachomoa mwiba, akadunga sindano.
"Elfu kumi na mbili. Na chanjo ya kichaa
mwezi wa tisa, usisahau."

Sasa juu ya kabati pana kopo la maziwa:
mia mbili ya vocha niliyoacha,
mia tano, chenji ya sukari.
Dawa ya Deni kulipa.
Mwenyewe kalala, mkia ukipiga sakafu,
anahesabu nami.