Ukingoni mwa Picha

Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani, saa nane mchana.
Baiskeli nimeiegemeza ukutani, kapu la nyaya begani.
Bi Somoe ameshatandika busati, ameshakaa,
ameshanieleza mara mbili kuwa fundi wa jana
alikula elfu kumi yake, akaiacha harusi
na rangi ya zambarau.

Nikautazama waya. Ule wa zamani,
wa meno kumi na matano, skrubu mbili masikioni,
jino moja limelala kama mlevi mtaroni.
"Mwizi wako huyu hapa. Kijani kimekwama njiani."
Nikatoa HDMI yangu, fupi, nene.
Tundu la runinga nikalipuliza kwanza,
maana hewa ya Tanga ina chumvi
na chumvi haimwogopi fundi.

Kisha nikaiambia kompyuta:
kioo hiki kina vidoa elfu moja mia tisa na ishirini kwa upana,
elfu moja na themanini kwa kimo.
Toa hivyo hivyo. Usipunje, usizidishe.
Gauni la kuazima, hata liwe la hariri,
litakubana kwapani.

Runinga bado ilikuwa na rangi za dukani,
zile za kumwita mpita njia: majani yanawaka,
maharusi nyuso kama nyanya.
Nikazizima.
Ukali ulikuwa tisini. Watu hudhani ukali ndio uzuri,
kumbe huchora mstari mweupe kando ya kila kitu,
mstari ambao hata mpiga picha hakuuona.
Nikaushusha hadi sifuri.
"Mbona umeilegeza?"
"Subiri, Bibi. Macho yazoee."

Nilishamwonya: kanda ya mwaka tisini na nne
haigeuki ya leo. Waya mzuri
hauongezi kisichokuwepo.

Ila kilichokuwepo...

Niliona saa ya kompyuta, kule chini pembeni:
saa imebaki, dakika zimemezwa.
Macho hayana pazia, husema watu.
Runinga inalo. Huivuta picha kidogo,
ikakata kingo zote nne, ukucha ukucha,
tabia iliyorithi kwa bibi zake wa kioo cha kitumbo.
Nikaingia kwenye mipangilio, ukubwa wa picha,
nikachagua ile isiyokuza.
Picha ikarudi nyuma hatua moja,
kama mtu anayepisha mlangoni.

Akaingia.

Kushoto kabisa: msichana, kanga kiunoni,
birika mkononi, ananawisha wageni.

"Simamisha," akasema Bi Somoe.
Sufiani, mjukuu, akabonyeza.
Feni ikazunguka. Jirani alikuwa anatwanga kitu.
"Mwanjaa," akasema. "Mdogo wangu.
Alisema alikuja. Alisema, nilinawisha wageni wako
mpaka mkono ukafa ganzi.
Nikamwita mwongo. Nikaleta kanda hii hii,
nikaiweka mbele ya ukoo mzima:
haya, muonyesheni yuko wapi.
Tukatazama mpaka mwisho. Hakuwepo.
Mama tumemzika,
kila mmoja upande wake wa kaburi."

Mimi kazi yangu nyaya.
Nikaukunja ule wa zamani, nikakunja na ambao haukuhitaji kukunjwa.
Nilitaja elfu kumi na tano; akatoa
bila kupatana, jambo ambalo Ngamiani
sijaliona tangu nianze ufundi.

Natoa baiskeli, namsikia ndani:
"Sufiani, gari la Pangani la mwisho linaondoka saa ngapi?"
Nikachungulia dirishani, niseme kweli,
kuhakiki kazi yangu tu.
Rangi zimetulia. Kingo zimetimia.
Mwanjaa bado ameinama,
maji yameshatoka mdomoni mwa birika,
hayajafika mkononi.