Sauti ya Pili

Mvua ya Galisia haijui hodi.
Huingia mjini, hukaa wiki tatu,
na chini yake, saa kumi na mbili asubuhi,
hulia king'ora cha kiwanda cha dagaa
kwa noti ambayo si noti,
nusu ya nusu chini ya Sol.
Nilikuwa na miaka kumi na nne nilipoligundua hilo.
Nikamwambia Mama. Alikuwa ananuka mafuta na chumvi,
vidole vimefungwa plasta.
Akasema: "Kama kimepinda, nenda ukakinyooshe."

Klarineti haikuwa yangu. Ilikuwa ya manispaa,
namba kumi na saba, imechorwa kwa kisu juu ya kasha,
na mdomo wake una alama za meno
ya watoto walionitangulia.
Niliuma walipouma.

Tulifanya mazoezi juu ya soko la samaki,
Amancio kinyozi akituongoza kwa kitana.
Nilitaka sauti ya kwanza.
Nani hataki? Sauti ya kwanza ndiyo wimbo,
ndiyo watu wanayoipiga mluzi wakirudi nyumbani.
Sauti ya pili ni kubeba ndoo:
pa, pa, shikilia.
Pa, pa, shikilia.

Kiti cha kwanza kilikuwa cha Eladio,
muuza misumari na bawaba, miaka sitini na tisa,
mwenye pumzi ndefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi.
Nilimchukia kwa adabu.
Nilihesabu kikohozi chake, Mungu anisamehe,
kama mtu anayehesabu akiba.

Akafa Februari, Jumanne, dukani,
akimpimia mteja mnyororo.

Bendi ikaitwa kumzika.
Makaburi yako juu ya mji;
bahari ilikuwa nyuma yetu, ya kijivu,
kama shuka lililoanikwa siku isiyo na jua.
Amancio akaniuliza kwa macho: Unaijua ya kwanza?
Niliijua. Nimeipiga usiku mwingi chini ya blanketi,
vidole tu, bila pumzi.
Miaka miwili nimeisubiri nafasi hii.
Nikatikisa kichwa.

Nikapiga yangu. Pa, pa, shikilia.
Juu yake hapakuwa na kitu.
Husemwa, asiyekuwepo na lake halipo.
Basi lile lililokaa juu ya sauti yangu
lilikuwa la nani?
Wanawake wa kiwandani wakaanza kulifuata,
midomo imefumbwa,
na Mama miongoni mwao, chini kidogo ya noti,
nusu ya nusu,
pale pale penye king'ora.

Katikati utete wangu ukalia kama bata.
Hakuna aliyecheka.
Yeye angecheka.

Baada ya wiki mjane wake, Obdulia, akaja mlangoni
na mfuko wa duka, ule wa kubebea misumari.
Ndani yake, karatasi za sauti ya kwanza,
penseli kila mahali:
pumua.
usikimbie.
nunua mkate.
Na kwenye mstari wa tano, pale penye kona,
pale ambapo siku zote niliamini
kwamba mzee anachelewa na mimi namsubiri,
maneno yaliyozungushiwa duara mara mbili:
hapa mngoje Uxía.

Masikio yalinichoma.
Nilikaa kitandani na koti langu la mvua,
sijalivua, linadondosha maji sakafuni,
nikausoma mstari ule
hadi king'ora cha jioni.

Septemba, kiti cha pili akapewa Brais,
miaka kumi na moja, mbavu tupu,
anayepiga kana kwamba amefukuzwa na mbwa.
Mstari wa tano, penye kona, akaanguka.
Akanitazama kwa jicho ninalolijua,
jicho la mtu anayehesabu kikohozi.

Kitana kikagonga stendi: tena.

"Subiri," nikasema.
"Nani ana penseli?"