Maiti Aliyepumua

Mimi ndiye yule maiti, dakika ya arobaini na moja.
Nilipewa elfu ishirini, soda, na chipsi zilizokwisha poa,
nikalala chali kwenye sakafu ya duka langu mwenyewe,
Gerezani, kati ya bampa na mipira ya shafti.
Damu yangu ilikuwa rangi ya keki na sukari guru.
Nzi wakaja. Nzi hawakuwamo kwenye bajeti.

Kwa hiyo msiseme naipendelea filamu hii,
wala msiseme nina kinyongo.
Nimeitazama mara mbili, ukumbini Magomeni,
feni moja ikizunguka, nyingine ikifikiria.

Sudi ni mwizi wa vioo vya magari,
vile vya pembeni. Sekunde nne kwa kioo,
foleni ikiwa imelala.
Siwema anakuja Gerezani kununua kioo chake mwenyewe,
namba ya gari ingali imechongwa kwa chini.
Anapunguziwa bei. Anashukuru!
Na anayemfungia skrubu ndiye aliyezifungua jana.
Sudi anainua macho, anamwona ndani ya kioo,
si uso mzima: jicho na hereni.
Hakuna muziki. Hakuna neno.
Hapo, Salvatory mwanangu, ulinipata.
Waliokuwa wakitafuna karanga mstari wa mbele
waliacha kutafuna.

Haya, na mengine tuyaseme.
Bastola ni ya mbao,
imemwachia jambazi rangi nyeusi kiganjani.
Inspekta ni mjomba wa Salvatory;
ameingia kwa buti, ametoka kwa kandambili.
Dirishani mvua, mlangoni jua la saa saba.
Pale Feri Sudi anaungama siri yake kubwa,
na honi ya pantoni inaimeza yote.
Mpaka leo sijui aliungama nini.
Siwema alimsamehe; labda naye hakusikia.

Zile mbio za mwisho, jamani,
ni kuzunguka ghorofa moja tu, Ilala.
Yule mama wa vitumbua nimemwona mara tatu,
kila mara sinia limepungua,
kwa hiyo muda, angalau, ulikuwa unakwenda.
Kisha hela zikaisha. Mwisho wa mapenzi yale
tunaupata kwa simu: "Sudi kakamatwa."
Sauti ni ya Salvatory mwenyewe, ana mafua.

Sasa nije kwangu.
Kifua kinapanda. Kinashuka.
Kwenye kitambaa kile kikubwa kinaumuka
kama unga uliotiwa hamira.
Ukumbi mzima ulicheka.
Mke wangu akanifinya paja:
"Hata kufa kumekushinda."

Tulirudia mara tano, mjue.
Mara nne nilikuwa maiti safi,
nimekauka kama nguru wa chumvi.
Ila ile ya pili, Mwajabu alipopiga magoti,
chozi lake lilinidondokea sikioni,
la moto, halikuandikwa popote,
akaniita baba kwa sauti isiyokuwa ya Siwema.
Ningefanyaje? Nilivuta pumzi.

Sikumuuliza alikuwa akimlilia nani.
Salvatory alikuwa na maiti wanne wazuri mkononi
akawatupa wote,
akachukua kilio kile, na mimi nikipumua ndani yake
mbele za watu.

Vijana wawili nyuma yangu walisema, filamu ya kitoto.
Sikugeuka kuwabishia. Bastola niliiona.

Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza chai,
kijana mmoja aliingia dukani,
kioo chini ya fulana, bei ya haraka haraka.
Nilikipokea. Nikakigeuza kwanza
nione kama kina namba.

Zamani nilikuwa sigeuzi.