Tonge Mkononi

Mara ya kwanza niliandika: malaria.
Kipimo cha haraka kilitoa mstari mmoja,
nikakilaumu kipimo.
Dawa ya mseto, siku tatu, maji mengi, nenda nyumbani.

Mara ya pili niliandika: homa ya matumbo,
kwa sababu wiki ile ndiyo tuliyoisoma.

Mara ya tatu Kapela aliletwa kwa baiskeli,
amefungwa kwa khanga mgongoni mwa shemeji yake,
na mkewe, Kalunde, akasimama mlangoni mwa chumba namba mbili,
kituo cha afya, Usinge,
akasema bila kunisalimu:
"Daktari mdogo, huyu unayempa vidonge si mume wangu.
Usiku anaamka kufunga tumbaku gizani.
Mchana anasinzia na tonge mkononi.
Nilishakuambia. Mara mbili."

Alikuwa ameniambia.
Kadi ina kisanduku cha joto, kisanduku cha uzito.
Haina kisanduku cha tonge.

Bi Mhozya wa maabara hakunigombeza.
Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti,
akauliza kama anayeulizia bei ya chumvi:
"Anafanya kazi gani?"
Mkulima, nikasema.
"Hapa nani si mkulima? Tumbaku ikishauzwa, anakwenda wapi?"

Sikujua. Kalunde alijua:
Ugalla, kurina asali,
siku arobaini dagoni,
mizinga ya magome ya mtundu,
na mbung'o wanaouma juu ya shati kana kwamba hukuvaa.
Akaipandisha suruali ya mumewe.
Kwenye shavu la mguu, alama nyeusi, upana wa sarafu,
kidonda kilichokwisha kupona,
nilichokipita mara mbili na stetoskopu shingoni.

Nikamtoboa kidole, nikanyoosha mkono kuichukua Gimsa.
"Acha rangi," akasema Bi Mhozya.
"Rangi huua. Kuna vitu huvijui mpaka uvione vikitembea."

Tone bichi, kioo juu ya kioo,
betri ya sola ikipiga kelele za njaa,
na kwa muda mrefu, si kitu.
Nikasogeza. Si kitu. Nikasogeza.
Halafu seli nyekundu zikaanza kupigana vikumbo
kama watu mnadani mwizi akipenya:
mwizi humwoni,
unaona mabega yanavyogutuka.
Kisha huyo hapo, mwembamba, utepe ubavuni,
anajipinda, anapita, hana haraka.

Nilishangilia. Mungu anisamehe,
nilishangilia kama niliyefunga bao,
na Kalunde akadhani ni habari njema.

Rufaa niliiandika usiku huohuo.
Urambo watachota maji ya uti wa mgongo,
maana dawa ya damuni siyo dawa ya kichwani,
na aliyekwisha kuvuka hafuatwi kwa njia ileile.
Gari likiwa linawashwa, Bi Mhozya akanishika kiwiko:
"Umempata mmoja. Dagoni walikuwa wangapi?"

Watano.
Wawili tuliwakuta ghalani, damu safi.
Mmoja alitoa kidole kwa sharti la soda.
Tukatundika vitambaa vya bluu na vyeusi njia ya msituni,
vimelowekwa dawa, mbung'o wavitue wafe.
Kimoja kiliibwa. Nasikia sasa ni pazia.

Kapela alirudi baada ya miezi miwili.
Anakula polepole.
Kalunde hamtazami usoni, anautazama mkono.

Mtihani uliuliza: Taja dalili tano za malale.
Nne nilizitaja kama zilivyo kitabuni.
Ya tano nikaandika: tonge.
Msahihishaji akaweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu.

Wa tano anaitwa Sizya.
Alikwenda machimboni, upande wa Mpanda,
na siku ya kuondoka, wanasema, aliomba dawa ya kichwa.
Kila Jumatatu nampigia.
Sauti ya mwanamke inaniambia nijaribu tena baadaye.